Ngamia wa Mtume na mechi za watoto wetu

Wazazi wengi wameyashuhudia haya katika mechi za UMITASHUMTA: mtoto wa darasa la sita anakosa penalti, na sauti ya kwanza kumzomea ni ya mtu mzima, pengine ametoka kuswali Alasiri muda si mrefu. Mwamuzi, ambaye mara nyingi ni mwalimu, hutukanwa mbele ya wanafunzi wake.

Amepokea Imam Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aitwaye Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Akaja bedui juu ya ngamia wake mdogo, akampita. Masahaba wakaumia mno, maana nao walikuwa na ushabiki wao. Mtume alipoitambua huzuni yao, jawabu lake halikuwa lawama kwa bedui wala kisingizio. Aliwaeleza kuwa hakuna kinachoinuka duniani ila Mwenyezi Mungu hukishusha.

Basi, mzazi mwenzangu, kipa wa shule pinzani akiudaka mpira wa mwanao, mpigie makofi. Mwanao anakutazama. Na mkirejea nyumbani, muulize kwanza kama alimpa mkono aliyemshinda.