Kuacha Kazi na Kuwa Mganga wa Tiba Mbadala

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, toka Tukuyu mpaka Mafinga, wapo watu waliokuwa na kazi zao, huyu mwalimu, yule karani, mwingine dereva wa lori, ambao sasa wamefungua chumba cha tiba mbadala. Mmoja anakanda, mwenzake anaumika, wa tatu anauza makopo ya virutubisho na kujiita daktari. Je, ni vibaya? La. Mtu aweza kubadili kazi hata uzeeni akaifanya kwa uaminifu. Walakini kuuza makopo hakumfanyi mtu mganga, seuze daktari.

Wengi wetu twamkumbuka marehemu Ambilikile Mwasapile, ambaye hata jina lake ni la Kinyakyusa. Alikuwa mchungaji wa Kilutheri, akastaafu mwaka 2001, akakaa Samunge, kule Loliondo. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walimwendea wanywe kikombe chake cha mti wa mugariga kwa shilingi 500. Bei ilikuwa ndogo. Hasara ilikuwa kwingine: wapo wagonjwa waliotolewa hospitali wakafia njiani, na wapo walioacha dawa zao za UKIMWI wakidhani wamekwisha pona. Mzee mwenyewe alifariki Julai 2021.

Basi, ewe mwalimu mstaafu utakaye kazi hiyo, usikimbilie kumaliza kiinua mgongo kwa kununua vitanda na kuandika kibao. Jifunze kwanza kwa mtu ajuaye. Tena iko sheria ya mwaka 2002, nalo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ndilo liandikishalo waganga. Maombi huanzia kijijini, kwa viongozi wanaokujua, kisha hupitia kwa mganga mkuu wa wilaya. Asiyeandikishwa haruhusiwi kutibu.

Nanyi akina baba na akina mama, mkifika kwa mganga mwombeni cheti chake. Kuuliza si utovu wa adabu. Mwenye nacho hukitundika ukutani. Mkisikia mtu anatibu sukari, kansa na utasa kwa chupa moja, chukueni mtoto wenu mwende. Naye mganga mwema hasiti kumwambia mgonjwa, “Hili si langu, nenda zahanati.” Aliyekohoa wiki mbili, kwa mfano, asikandwe kifua tu, apimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, nazo humezwa kwa muda wa miezi sita bila kukatiza.