Metali Inayoota Ndani ya Betri

Betri ya pikipiki ya umeme ishikapo moto usiku, mtu wa kwanza kulaumiwa ni kijana aliyeichaji. Husemwa kwamba alizembea, na shauri likaishia hapo. Sisi twaona kuwa hukumu ya namna hiyo hutolewa upesi mno, kwa kuwa moto wa betri pengine huwa umeandaliwa siku nyingi kabla, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Yafaa basi wafanyakazi wajue kinachotendeka humo ndani.

Betri hizi hufanya kazi kwa kupitisha chembe za lithiamu zenye chaji, ziitwazo ioni, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Katikati pana kiowevu chenye chumvi ya lithiamu, na utando wa plastiki wenye vitundu, ambao kwa kawaida unene wake hauzidi sana mikroni 25, yaani sehemu moja ya arobaini ya milimita. Utando huo ndio ukuta pekee baina ya pande hizo mbili. Ukitobolewa hutokea shoti, joto hupanda, na kiowevu chenyewe ni cha kuwaka.

Kinachoweza kuutoboa ni lithiamu yenyewe. Katika miaka ya 1970 mtaalamu Stanley Whittingham, akiwa katika kampuni ya mafuta ya Exxon huko Marekani, alitengeneza betri ya kuchajiwa ambayo upande wake hasi ulikuwa metali tupu ya lithiamu. Nguvu yake ilikuwa kubwa. Lakini kila ilipochajiwa, lithiamu iliyorudi haikulala sawasawa kama chokaa ukutani. Juu ya metali hiyo daima hujengeka ngozi nyembamba, nayo hailingani kila mahali. Penye ufa ioni hupita kwa wingi, na metali ikatuna. Kituta kile kikishatokeza huwa karibu zaidi na ioni zijazo, na nguvu ya umeme hukusanyika kwenye ncha yake. Aliyetangulia huzidi kuongezewa! Ndipo metali huota kama miiba, au kama ndevu zilizosokotana. Betri itumiwapo, mara nyingi shina la mwiba huyeyuka kabla ya ncha, na kipande kikabaki kimekatika, hakina kazi tena. Wataalamu hukiita lithiamu mfu.

Wazima moto waliitwa katika maabara ile mara kadhaa, hata wakatishia kuidai gharama ya dawa maalumu za kuzimia lithiamu. Mwaka 1989 betri za simu za kampuni ya Moli Energy ya Kanada, zenye metali hiyo hiyo, zilirudishwa baada ya moto kutokea Japani.

Wakati huo dawa ilikwisha kupatikana. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani aliiondoa metali tupu, akaweka kaboni ambayo ioni huingia na kutoka ndani yake. Betri za namna hiyo zilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na baadaye kinywe, madini ambayo hata Mahenge kwetu yapo, kikashika nafasi hiyo. Ioni moja hukaa kwa kila atomu sita za kaboni. Gharama yake ni kwamba gramu moja ya kinywe hubeba kama sehemu ya kumi tu ya chaji ambayo gramu ya lithiamu ingeibeba.

Walakini kinywe hupokea kwa mwendo wake. Umeme ukisukumwa kwa kasi mno, hasa betri ikikaribia kujaa, ioni hufika mlangoni kabla ya nafasi kupatikana, nazo hugeuka metali palepale juu yake. Baridi iliyo chini ya nyuzi 0 huleta balaa hilo hilo, ingawa Dar es Salaam hatuijui. Joto letu lina njia yake nyingine: huinenepesha ile ngozi, vitundu huziba, na betri kuukuu ikaanza kuotesha metali kwa kasi ambayo ilipokuwa mpya iliistahimili.

Kwa sababu hiyo chaja halali hupunguza mkondo wa umeme kadiri betri ijaavyo. Chaja isiyolingana na betri yaweza isifanye hivyo. Na ni nani aichaguaye? Si kijana alipwaye kwa siku, wala si yeye aliyeamua betri iliyochoka iendelee kutumika mwaka mwingine. Hatusemi kwamba kila moto chanzo chake ni miiba hii. Ipo betri iliyoangushwa, na ipo iliyotengenezwa vibaya kiwandani. Twataka tu kwamba moto ukitokea, chaja na umri wa betri vikaguliwe kwanza, mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, kabla ya mtu yeyote kuandikiwa barua ya kuachishwa kazi.