Ndege Ijayo ni Lini? Kuunganisha Safari hadi Kaskazini Mashariki (Makala ya Pili)

Makala ya juma lililopita ilieleza jinsi ya kuisoma tiketi na kutambua ni nani hasa aliyekuuzia safari. Leo tunaingia katika swali linaloulizwa kila Ramadhani ikikaribia na kila shule za Marekani na Ulaya zikifunga, ndugu wa ughaibuni wanapopanga kurudi nyumbani: mtu akitua Nairobi kutoka Minneapolis, London au Stockholm, naye anaelekea Wajir au Mandera, ajiachie muda gani kabla ya ndege ya pili? Jibu la kawaida ni saa mbili, au tatu kwa mwenye wasiwasi. Wanaolitoa huhesabu foleni ya uhamiaji, mizigo na msongamano wa magari, wakajumlisha, wakaongeza kidogo. Hesabu hiyo haina kosa, ila imeanzia mwisho. Kabla ya kuuliza itakuchukua muda gani kuifikia ndege ya pili, uliza kwanza: ikiniacha, nyingine ni lini? Jibu la swali hili ndilo linalopaswa kuamua uache nafasi ndogo au kubwa, na kwa msafiri wa Kaskazini Mashariki jibu lake ni gumu kuliko kwa Wakenya wengi.

Kuna kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mnamo Februari 2013 inayofaa kutajwa hapa. Abiria alitoka Bremen, Ujerumani, akielekea Asunción, mji mkuu wa Paraguay, kupitia Paris na São Paulo. Ndege ya kwanza ilichelewa kuondoka kwa takriban saa mbili na nusu. Alipofika Paris, ya São Paulo ilikuwa imekwenda. Akapangiwa nyingine, na kwa sababu hiyo akaikosa pia ile ya Asunción. Mwishowe alifika akiwa amechelewa kwa muda wa saa 11. Mahakama ilisema ucheleweshaji upimwe mahali abiria alipokuwa akienda, na kwamba alistahili fidia. Wanasheria huisoma kesi hiyo kwa ajili ya fidia. Msafiri aisome kwa ajili ya hesabu. Muda wa saa mbili na nusu uliongezeka zaidi ya mara nne bila ndege yoyote kupunguza mwendo wala kuharibika angani. Kilichoukuza ni mapengo yaliyo kati ya safari moja na nyingine katika ratiba.

Sasa tulete hesabu hiyo nyumbani. Anayetua Nairobi akielekea Mombasa ana ndege nyingi kila siku, kutoka asubuhi hadi usiku, na zikimshinda kuna treni ya SGR na mabasi. Kosa lake dogo humgharimu saa chache na pengine pesa za kubadilisha tiketi. Huyo anaweza kubana muda wake na asihesabiwe mjinga. Lakini ndege za abiria za Wajir na Mandera ni chache, na ya leo ikikuacha, nyingine inaweza kuwa ya kesho au ya siku nyingine ya ratiba, tena ikiwa ina kiti. Kosa lilelile la nusu saa kwenye mkanda wa mizigo linageuka siku nzima, au mbili. Barabara nayo si mbadala mwepesi: hadi Mandera ni zaidi ya kilomita 1,000, na tangu shambulio la basi la Novemba 22, 2014, ambapo watu 28 waliuawa karibu na Mandera, wengi, hasa walimu na wafanyakazi wanaotoka kaunti nyingine, huona kusafiri kwa gari ni jambo la mwisho kabisa kufikiriwa.

Hapa msomaji makini atauliza: kama ni hivyo, mbona mashirika makubwa huuza safari zenye nafasi ya muda wa saa moja na robo tu huko Addis Ababa, Doha au Istanbul? Je, yanadanganya? Hayadanganyi. Kila uwanja mkubwa una muda wa chini wa kuunganisha uliokubaliwa na mashirika, na mfumo wa kuuza tiketi haukubali safari iliyo chini ya hapo. Muda huo huwa mfupi kwa sababu tatu. Abiria anayepita haingii nchini, kwa hiyo hapangi foleni ya uhamiaji. Mizigo yake huhamishwa na wafanyakazi wa uwanja bila yeye kuigusa. Ya tatu ndiyo nzito: tiketi ni moja, na safari ikikatika, aliyeiuza ndiye anayebeba hasara. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imejiunga nao, unaihesabu safari inayofanywa na mashirika kadhaa kwa mfululizo kuwa safari moja isiyogawanyika, maadamu waliofanya mapatano waliichukulia hivyo. Shirika linapokupa dakika 75 mjini Doha, limecheza kamari kwa fedha zake na linajua katika safari mia litashindwa ngapi.

Msafiri wetu anapotua Nairobi, sababu zote tatu hutoweka kwa pamoja. Tiketi ya Wajir amenunuliwa na binamu kupitia wakala wa Eastleigh. Shirika lililomleta kutoka ng'ambo halijui kama ipo, na lile la ndege ndogo halijui anatokea wapi. Kwa kila mmoja wao safari imekamilika au haijaanza. Akichelewa, katika daftari la shirika la pili yeye ni abiria ambaye hakutokea, basi. Kamari sasa ni yake, naye anaicheza kwa dakika zilezile ambazo shirika lenye ndege kadhaa kwa siku na fungu la fidia lilizithubutu.

Tazama pia ni mambo gani yanayopaswa kwenda sawa kati ya ndege mbili. Kwanza dirisha la uhamiaji. Mwenye pasipoti ya Kenya ana foleni yake, lakini wengi wa watoto waliozaliwa ng'ambo husafiri kwa pasipoti za huko, na tangu Januari 2024 mgeni asiyesamehewa anatakiwa awe amepata idhini ya kusafiri ya kielektroniki kabla hajaondoka. Familia moja yenye pasipoti za aina mbili huenda kwa mwendo wa yule wa mwisho kuhudumiwa. Kisha mizigo, kisha forodha. Novemba 2023 Mamlaka ya Ushuru, KRA, iliwakumbusha wasafiri kwamba bidhaa za thamani ya kuanzia dola 500 zilikuwa zikitozwa ushuru, kukazuka malalamiko mengi kuhusu masanduku kufunguliwa uwanjani. Mtu aliyejaza zawadi za ukoo mzima asitarajie kupita kama mwenye mkoba wa bega. Baada ya hapo ndipo kuna barabara. Kwa miaka mingi ndege ndogo za kuelekea Wajir, Mandera na Dadaab zimekuwa zikiondokea Wilson, uwanja ulioanza mwaka 1929 na ambao uko kwenye Barabara ya Lang'ata, umbali wa kilomita kama 15 kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, JKIA. Baadhi ya mashirika ya ndani siku hizi huondokea JKIA, kwa hiyo jina la uwanja lisomwe kwenye tiketi. Anayedhani kwamba Nairobi ni uwanja mmoja ameshachelewa kabla hajapanda ndege kule alikotoka.

Watu husema Nairobi Expressway imemaliza tatizo hili. Ni kweli kwamba tangu ilipofunguliwa kwa umma Mei 2022, kutoka uwanjani hadi karibu na mjini kumekuwa kwepesi kwa anayelipia. Lakini barabara hiyo inatoka Mlolongo hadi Westlands, Wilson haifiki. Ukishateremka unakutana na magari ya Lang'ata kama kila mtu. Isitoshe, imepunguza sehemu moja tu ya safari hii, na sehemu hiyo haikuwa ndiyo isiyotabirika kupita zote. Teksi unaweza kuihimiza. Mkanda wa mizigo huuhimizi.

Watu wa Wajir hawahitaji kuambiwa na mtu wa nje jinsi safari inavyoweza kurefushwa bila tiketi kubadilika hata herufi. Kwa miaka mingi ndege zilizotoka Mogadishu kuelekea Nairobi zililazimika kutua Wajir kwanza ili abiria na mizigo wakaguliwe. Utaratibu huo uliondolewa, ukarudishwa Mei 2019 wakati uhusiano wa Kenya na Somalia ulipokuwa umeharibika, kisha ukaondolewa tena mwezi Novemba mwaka huohuo baada ya marais wa nchi hizo mbili kukutana. Mtu aliyekuwa na ndege ya kuunganisha Nairobi hakuulizwa. Zaidi ya hayo, moto wa Agosti 7, 2013 uliteketeza ukumbi wa wanaowasili JKIA. Mgomo wa marubani wa Kenya Airways ulisimamisha safari Novemba 2022. Na Septemba 11, 2024 wafanyakazi wa JKIA waligoma kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani. Kila moja ya misukosuko hii ni nadra, na mtu anaweza kusema hakuna apangaye safari kwa kuogopa moto. Sawa. Lakini jambo nadra la aina moja likiwa na wenzake kumi wa aina nyingine, yakichanganywa na ucheleweshaji wa kawaida wa kila juma, kwa pamoja hayawi nadra tena. Asiyejiachia nafasi hahitaji moto. Inamtosha ngazi ya ndege iliyochelewa kuletwa.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la gharama. Kulala Nairobi kunataka pesa, na mtu aliyelipa dola elfu na zaidi kuja nyumbani anaona usiku mmoja wa hoteli ni kumwaga maji. Naomba pande zote mbili zipimwe vizuri. Upande mmoja kuna usiku mmoja, ambao kwa wengi wa wasafiri hawa si wa hoteli hata kidogo, maana ni nani wa Mandera asiye na shangazi au mtoto wa mjomba Eastleigh? Upande wa pili kuna tiketi iliyopotea, tiketi mpya ya bei ya dakika za mwisho, na usiku uleule wa Nairobi, ambao sasa utalala ukiwa umekasirika. Isitoshe, nyingi za ndege za Ulaya hutua jioni au usiku, wakati ndege ndogo za Wilson zimeshamaliza kazi ya siku, hivyo swali la kulala au kutolala limekwisha kujibiwa na ratiba. Anayetua alfajiri ndiye mwenye kishawishi cha kuunga siku hiyohiyo, na huyo ndiye ninayebishana naye.

Atasema: mbona fulani na fulani walitua alfajiri, na kabla ya adhuhuri walikuwa Wajir wakinywa chai ya maziwa ya ngamia? Walifanikiwa, na habari zao zimesimuliwa. Aliyekwama Wilson na masanduku manne hasimulii sana. Ushahidi bora uko kwa wanaofanya kazi hii kwa wingi. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, limesafirisha maelfu ya wakimbizi kutoka Dadaab kwenda kuishi ng'ambo, na halikutegemea muunganiko wa saa chache: liliwaleta kwanza katika kituo chake cha mpito Nairobi kabla ya siku ya safari. Ndiko walikokuwa wakimbizi wapatao 140 wakati amri ya Rais Trump ya Januari 2017 ilipowakatia njia, wakarudishwa kambini. Hakuna usiku wa tahadhari uwezao kuzuia amri ya rais, lakini dhidi ya gari lililokwama au mvua ya Dadaab unatosha.

Nao waliofiwa? Mazishi hayangoji, na mtu anayekimbilia janaza ya mzazi hawezi kuambiwa alale Nairobi. Kwake sheria inabaki ileile, ila anaitumia kinyume: aijaribu ndege ya karibu kabisa, akijua kwamba huenda akaikosa, na amwombe mtu wa Wilson amshikie kiti cha siku inayofuata.

Kanuni hii pia inaipa Garissa jibu tofauti na la Mandera, ingawa zote ziko katika eneo moja. Garissa iko kilomita kama 370 kutoka Nairobi, lami inapita Thika na Mwingi, na mabasi ya Eastleigh ni ya kila siku. Basi moja likikuacha lipo jingine, kwa hiyo msafiri wa Garissa ana haki ya kubana muda kuliko jirani yake. Haki hiyo huisha Mto Tana unapofurika. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, maji yaliikata barabara upande wa Madogo watu wakavuka kwa mashua, na mashua moja ikapinduka na kuua. Miezi ya mvua kubwa, Garissa nayo huingia katika hesabu ya Mandera.

Kwa anayetoka nyumbani kuelekea Marekani kuna muunganiko wa pili wa kuangaliwa. Uwanja wa kwanza wa Marekani utakapotua, uwe Washington au Chicago, ndipo utakapokaguliwa na uhamiaji, uchukue masanduku yako, upite forodha na kuyakabidhi upya, hata kama tiketi inasema Minneapolis. Abu Dhabi ni tofauti: tangu 2014 maafisa wa Marekani hukagua abiria hukohuko kabla ya kupanda, na ukitua Marekani unahesabiwa kama uliyetoka mji wa ndani. Foleni haijafutwa, imehamishiwa Abu Dhabi, kwa hiyo nafasi iachwe huko. Ikiwa tiketi ni moja, muda wa saa tatu katika uwanja wa kwanza wa Marekani unatosha kwa siku nyingi, na siku usipotosha, shirika litakutafutia ndege nyingine, ambayo kwenda Minneapolis haiko mbali.

Limebaki la uzito, ambalo nalo linakula muda. Mashirika mengi ya safari ndefu humruhusu abiria wa Marekani masanduku mawili ya kilo 23, yaani kilo 46. Ndege nyingi ndogo za Wilson huruhusu kilo 15 au karibu na hapo. Kilo 31 zinazobaki lazima ziende mahali fulani, na kwa kawaida huenda kwa basi kutoka Eastleigh, siku moja au mbili baada ya mwenyewe. Namna ya kuzifunga, kuziandika jina na kuzidai zikipotea ni mada ya juma lijalo.