Daftari la Mwili

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami, ndugu msomaji, nikiitafutia kampuni masoko kutoka Likoni hadi Malindi, daftari la mauzo halikunitoka mkononi. La mwili sikuwa nalo.

Asubuhi kahawa chungu, mchana viazi vya karai na soda dukani kwa mteja, usiku hesabu za oda hadi saa sita. Siku moja mwaka 2019, sokoni Kongowea, kichwa kikanigonga, macho yakaingia kiza. Zahanati walinipima presha: 180 kwa 110, hali 140 kwa 90 tayari ni ya juu.

“Mwanangu,” daktari akaniuliza, “unauza nini kilicho ghali kuliko uhai wako?” Sikuwa na jibu.

Sasa nina daftari la pili: presha, saa za kulala, na chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku. Ikiadhiniwa adhuhuri nafunga mkoba. Naswali, nala, napumzika, kisha narudi kazini. Mwezi wa kwanza mauzo yalipungua na mkubwa wangu akaninunia. Nilivumilia. Kazi ni riziki, lakini mwili ni amana, na amana haiuzwi.