Kasavuli: Sauti iliyokuwa mtaji kwa miaka arobaini

NA MWANDISHI WETU

MFANYABIASHARA huhesabu mtaji wake kwa shilingi, naye mkulima kwa ekari na mifugo. Catherine Kasavuli alianza na mtaji usiowekwa kwenye mizani: sauti yake.

Mwaka wa 1980, akiwa na umri wa miaka 18, aliingia Sauti ya Kenya (VOK) kama mtangazaji wa redio. Mwaka wa 1985 ndipo akaanza kuonekana kwenye runinga. Miaka ya redio ilikuwa kitalu chake. Mche uliokomaa vizuri kitaluni haunyauki haraka ukihamishiwa shambani.

Enzi hizo VOK, iliyogeuzwa KBC mwaka wa 1989, ndiyo iliyokuwa na runinga pekee nchini. Msomaji wa habari hakuwa na mwajiri mwingine wa kukimbilia. Wakulima wa pareto wanaielewa hali hiyo, kwani kwa miaka mingi mnunuzi wao alikuwa bodi moja tu.

Machi 1990 soko lilifunguka. KTN ilianza kupeperusha matangazo kama kituo cha kwanza cha runinga cha kibinafsi nchini, naye Kasavuli akawa miongoni mwa sura zake za kwanza. Aliacha mshahara wa shirika la serikali na kwenda kwenye biashara changa ambayo hakuna aliyekuwa na hakika ingedumu. Ilidumu, na jina lake likakua nayo.

Mwaka wa 2007 alihamia Citizen. Hapo ndipo penye funzo kwa mwenye duka au kibanda sokoni. Kituo kina mitambo na leseni, lakini jina jema ni la mwenyewe na huhama naye. Hujengwa siku baada ya siku, kama vile mchuuzi wa maziwa asiyetia maji, au muuza nyanya asiyeficha zilizooza chini ya kreti. Mteja akishakuamini, atakufuata hata ukihamisha kibanda.

Aliondoka Citizen mwaka wa 2015. Wengi walidhani safari imefika mwisho, lakini mwaka wa 2021 KBC ilimrudisha hewani pamoja na magwiji wengine wa zamani, akiwemo Badi Muhsin. Alirejea palepale alipoanzia, miaka 41 baadaye, na bado jina lake lilikuwa na soko.

Kilichomkatiza ni maradhi. Mwaka wa 2022 aliugua saratani ya lango la kizazi, na Wakenya wakaombwa wajitolee kumchangia damu. Alifariki Desemba 29 mwaka huo katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 60.

Saratani hii huweza kuzuiwa, na ikigunduliwa mapema hutibika. Tangu Oktoba 2019 serikali hutoa chanjo ya kukinga virusi vya HPV, vinavyosababisha visa vingi vya ugonjwa huo, kwa wasichana kuanzia umri wa miaka 10.

Mama anayeamka alfajiri kukama ng'ombe au kufungua kibanda hukosa mapato ya siku akienda kupimwa. Ni hasara, ndiyo, lakini ni ya siku moja. Shamba na duka havina mtaji mkubwa kuliko afya ya anayeviendesha.