Kengele Iliyokatwa Kichwa

Ifikapo Agosti ya mwaka ugawanyikao kwa mbili, msimu ambao Wabukusu huwatia vijana wao jandoni, njia za Bungoma hurindima kwa mlio wa chinyimba, yaani zile njuga za chuma ambazo omusinde, kijana anayesubiri kutahiriwa, huzigonga juu ya vikuku vya mikononi mwake, akipita nyumba hata nyumba kuwaalika jamaa zake, mjomba akiwa miongoni mwao. Mlio huo ukinaswa, kisha ukaondolewa mwanzo wake, ile nukta ndogo mno ambapo chuma hukutana na chuma, na kubakizwa mvumo unaofuata peke yake, msikilizaji asiyeambiwa kitu huenda asisadiki ya kuwa amesikia njuga. Pengine atadhani ni filimbi.

Juu ya siri hiyo, kwamba sikio huijua sauti kwa namna inavyoanza, ndipo uliposimama ule muziki wa elektroniki wa majaribio ambao mafundi wake hawaanzi na gitaa wala kinanda, bali huanza na sauti za maisha ya kila siku, wakazipotoa hata zikawa naghma. Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio huko Paris, aliigundua siri hiyo mwaka 1948 kwa kukata sauti ya kengele. Na tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo redio ikatangaza tungo zake fupi tano za makelele, mojawapo ikiwa imeundwa kwa sauti za magari ya moshi aliyoyanasa katika stesheni ya Batignolles. Mkazi wa Bungoma, ambaye mji wake umekaa juu ya reli iendayo Malaba na kuingia Uganda, angezipata sauti za jinsi hiyo bila ya kuvuka bahari.

Walakini wanaomtaja Schaeffer kuwa wa kwanza humsahau Mwafrika aliyemtangulia kwa miaka minne. Mwaka 1944 Halim El-Dabh, kijana wa Misri aliyekuwa akisomea kilimo, aliazima kinasasauti cha waya kutoka kituo cha redio mjini Kairo, akakipeleka kwenye ngoma ya zari, ambamo wanawake huimba ili kutuliza pepo. Aliporudi studioni hakutosheka kuihifadhi ngoma ile kama ilivyokuwa. Alipunguza baadhi ya sehemu za sauti, akaongeza mwangwi, hata maneno ya waimbaji yakafifia, na kilichosalia kikawa mvumo wa ajabu unaopanda na kushuka.

Hila zenyewe si nyingi, na kila moja yaweza kufahamika kwa mfano wa karibu. Mngurumo wa poshomili ya Kitale ukichezwa kwa nusu ya mwendo wake hushuka oktavi nzima, na ukizidi kupunguzwa, mapigo yaliyokuwa yameungana hutengana hata yakahesabika kama ya ngoma. Mlango wa mabati unaobamizwa, sauti yake ikigeuzwa nyuma mbele, huanza kwa mnong'ono na kukoma kwa kishindo. Kipande kifupi kikirudiwa mfululizo huzaa mahadhi. Zamani kazi hiyo ilitaka utepe, wembe na subira. Siku hizi simu ya mkononi na programu ya bure kama Audacity zatosha.

Mkenya aliye stadi wa sanaa hii ni Joseph Kamaru, ajulikanaye kwa jina la KMRU, mzaliwa wa Nairobi aliyepewa jina la babu yake, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu. Albamu yake iitwayo Peel ilitoka mwaka 2020. Na katika Temporary Stored, ya mwaka 2022, alizichukua sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akazifanyia kazi upya, na kwa kufanya hivyo akauliza ni nani mwenye haki juu ya sauti iliyochukuliwa na kufungiwa mbali na wenyewe.

Swali hilo latuhusu hata sisi. Chinyimba hazikufuliwa ili zistareheshe. Hutangaza ya kuwa kijana yuko njiani kuwa mtu mzima, na sauti yenye kazi kama hiyo ina wenyewe. Basi kijana wa Kitale au Bungoma atakayeijaribu sanaa hii na aanze na sauti zisizo na miko: poshomili, reli, mvua juu ya mabati. Akizitamani chinyimba, na awaendee wazee kwanza, awaombe idhini na kuwaeleza jinsi atakavyozikata; kwa maana sauti ikishapotolewa haiwezi tena kutaja ilikotoka, na wajibu wa kuisemea humwangukia yeye aliyeikata.