Ngazi za rika za Wakurya

Ngazi za rika za Wakurya ni utaratibu wa kumpandisha mtu hadhi katika jamii hiyo ya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoa wa Mara (Tanzania), na ng'ambo ya mpaka nchini Kenya.

Mtoto huzaliwa ndani ya irikora, yaani kizazi kinachofuata kile cha baba yake, hawezi kukichagua. Baadaye jando humwingiza katika esaro, kundi la waliotahiriwa msimu mmoja. Kijana aliyetahiriwa huitwa omomura. Uzeeni huwa omokaruka.

Kimila, asiyetahiriwa huhesabiwa mtoto hata akikua. Msichana anayekataa kukeketwa hukosa hadhi hiyo, na ndiyo sababu moja ukeketaji umeendelea ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18.